Kipimo cha sukari kwa mjamzito: maandalizi huanza siku tatu kabla

Kipimo cha kunywa glukosi hufanywa mimba ikiwa na wiki 24 hadi 28, wakati homoni za kondo la nyuma zinapoidhoofisha zaidi insulini (homoni ya kushusha sukari) ya mama. Aliyewahi kupata kisukari cha mimba aulize kliniki mapema, huenda akapimwa kabla ya hapo.

Wengi hukiharibu kabla hawajafika maabara. Wakisikia neno sukari wanaacha wali na ugali ili majibu yawe mazuri. Hapo ndipo yanapopanda, maana mwili uliokosa wanga huwa mzito kuipokea glukosi inayoingia kwa mkupuo. Kwa siku tatu kula kama kawaida, wanga usipungue gramu 150 kwa siku. Kwa mlo wa chapati asubuhi, ugali mchana na wali usiku huna haja ya mizani.

Usiku wa mwisho, kufunga ni kwa muda wa saa 8 hadi 14. Ukila saa 3 usiku ukatolewa damu saa 2 asubuhi, ni muda wa saa 11, vizuri kabisa. Maji matupu ruksa. Chai ya rangi hapana, hata bila sukari. Vile vya kuzuia kichefuchefu navyo (ubuyu, pipi, bigijii, ndimu, hata udongo) viache nyumbani. Mwezi wa Ramadhani chagua siku ambayo hutafunga: daku ya alfajiri haitimizi saa 8.

Ukiwa na homa, ahirisha. Ukichomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto au ukitumia prednisoloni, sema kabla ya kupangiwa siku, kwa kuwa dawa hizo hupandisha sukari.

Kutoka Mbagala au Gongo la Mboto toka mapema, foleni isije ikakufikisha unahema. Pumzika kwanza. Siku moja kabla uliza kama glukosi ipo. Ukiambiwa uje nayo, ipimwe kwa mizani, si kwa vijiko: gramu 75 za glukosi kavu, au 82.5 ikiwa ni ile yenye maji ndani ya chembe zake, katika mililita 250 hadi 300 za maji.

Inywe ndani ya dakika 5. Saa inahesabiwa tangu funda la kwanza, si la mwisho, kwa hiyo tega simu dakika 60 na 120. Kaa kwenye benchi, usizunguke dukani. Ukitapika, sema, kipimo hicho kimekufa, utarudi siku nyingine. Kuficha kwa sababu umeshalipia kunakupa majibu ya uongo.

Damu hutolewa kwenye mshipa, kwa kawaida mara tatu, na chupa ya kifuniko cha kijivu ndiyo yake. Chembe za damu huendelea kula sukari ndani ya chupa, hivyo sampuli iliyoachwa mezani kwenye joto la Dar husoma chini. Usione haya kuuliza inapelekwa saa ngapi.

Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vya 2013, kisukari cha mimba ni milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja, au 8.5 baada ya saa mbili. Kimoja kikifikiwa kinatosha. Ikifika 7.0 kabla ya kunywa au 11.1 baada ya saa mbili, hicho ni kisukari kamili.

Pamoja na kadi ya kliniki, beba chapati na yai la kuchemsha. Baada ya sindano ya mwisho sukari huweza kushuka ghafla, na kizunguzungu kisikukute umesimama kwenye daladala.