Namna ya kusoma jaribio la dawa za maruweruwe, hatua kwa hatua

Kila muhula wanafunzi wa famasia ninaowasimamia kwa vitendo huniletea habari ileile ikiwa na picha mpya: uyoga umeponya sonona, tena kwa dozi moja. Swali lao huwa, "Mwalimu, si imeshathibitishwa hii?" Siwajibu ndiyo wala hapana. Nawaambia tuifungue makala yenyewe. Huu ndio utaratibu ninaoufuata nao, na unamfaa pia muuguzi, mwandishi wa habari za afya au yeyote anayekimudu Kiingereza cha majarida ya kitabibu lakini hajui aanzie wapi.

Tutatumia makala moja kama mfano mkuu. Ilichapishwa Novemba 2022 katika New England Journal of Medicine, mwandishi wake wa kwanza ni Guy Goodwin. Wagonjwa 233 wa sonona sugu walipewa silosaibini, kemikali inayopatikana kwenye uyoga wa jamii ya Psilocybe. Kila mmoja alimeza mara moja tu, ama miligramu 25, ama 10, ama 1. Naipenda kufundishia kwa sababu imefanywa kwa umakini na bado inaacha maswali.

Ukikuta jarida linadai malipo, usikate tamaa. Ingia PubMed, hifadhi ya mtandaoni ya makala za tiba, usome muhtasari, kisha muulize mkutubi wa chuo au hospitali yako kuhusu Research4Life. Taasisi nyingi za Afrika Mashariki zinastahili kuutumia mpango huo, ila wafanyakazi wengi hawajawahi kuambiwa.

Hatua ya 1: Jua dawa ni ya ukoo gani

Neno "maruweruwe" linakusanya vitu visivyohusiana. Silosaibini, LSD, meskalini na DMT ni ukoo mmoja: zote huamsha kipokezi (sehemu ya seli ambayo dawa hujishikiza) cha serotonini kiitwacho 5-HT2A. Tunalijua hilo kwa binadamu, si kwa panya pekee, kwa sababu mwaka 1998 kundi la Franz Vollenweider huko Zürich liliwapa watu ketanserini, dawa inayokiziba kipokezi hicho, kisha silosaibini, na mambo ya ajabu yakazimika.

Ketamini ni ukoo mwingine kabisa. Aliyewahi kufanya kazi chumba cha upasuaji anaifahamu: mgonjwa anaamka kwenye nusu kaputi akizungumza na watu wasiokuwepo. Hiyo huziba kipokezi cha NMDA, na utafiti wake kuhusu sonona una historia yake.

Halafu kuna mnanaha. Mmea huu unaota hata kando ya barabara zetu, una atropini na skopolamini, na "maono" yake ni kuchanganyikiwa kwa sumu: mdomo mkavu, mboni zimepanuka, moyo unaenda mbio, mtu hamtambui nduguye. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, chakula cha msaada kilichochafuliwa na sumu za mmea wa aina hii kiliwaua watu 5 na kuwafanya zaidi ya 300 waugue. Kwa hiyo mtu akikuambia "mimea ya maono imeonekana kuwa salama kwenye utafiti", muulize mmea gani, kemikali gani, kipokezi gani. Akishindwa kujibu, hapo mazungumzo yameisha.

Hatua ya 2: Tafuta walichoahidi kabla ya kuanza

Nenda ClinicalTrials.gov, andika "psilocybin" na jina la ugonjwa, utafute jaribio lako. Watafiti hutakiwa kusajili humo mapema kipimo kimoja kikuu watakachokitumia kuamua kama dawa imefanya kazi, na lini watakipima. Kiandike pembeni. Kwa makala yetu ni alama za MADRS, mizani ya sonona inayoanzia 0 hadi 60 (alama nyingi ni sonona kali zaidi), zikipimwa wiki ya 3.

Kwa nini nasisitiza hili? Chukua jaribio la Robin Carhart-Harris na wenzake wa Imperial College London, lililochapishwa 2021. Walilinganisha silosaibini na esitalopramu, dawa ya kawaida ya sonona, kwa watu 59 na kwa wiki 6. Kwenye kipimo kikuu, kundi la silosaibini lilishuka alama 8.0 na la esitalopramu 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema moja imeishinda nyingine. Vipimo vya upili vingi vilielekea upande wa silosaibini, lakini havikuwa vimerekebishwa kwa wingi wake. Ukipima vitu kumi na kitu, kimojawapo kitakuchekea kwa bahati tu. Vichwa vya habari vingi vilisimama juu ya vile vya upili. Aliyekuwa na karatasi yake pembeni hakuyumba.

Hatua ya 3: Nani aliingia, na alipewa nini hasa

Fungua jedwali la kwanza. Wengi huliruka kwa sababu linachosha, na ni kosa. Katika mfano wetu wagonjwa walikuwa hawajapata nafuu kwa matibabu 2 hadi 4 katika kipindi hichohicho cha ugonjwa. Waliowahi kuugua skizofrenia au ugonjwa wa hisia mseto walizuiwa kuingia. Vituo vilikuwa Ulaya na Amerika Kaskazini, na washiriki karibu wote walikuwa weupe. Hakuna hata kituo kimoja cha Afrika. Matokeo yao hayawi ya uongo kwa hilo, lakini ukisoma Mbeya au Kisumu unasoma habari za watu wa kwingine, wenye huduma za afya ya akili za kwingine.

Kisha sehemu ya mbinu. Utakuta kwamba "dozi moja" ilikuja na vikao vya maandalizi, saa 6 hadi 8 katika chumba kilichoandaliwa mtaalamu akiwa pembeni muda wote, na vikao vya mazungumzo baadaye. Kidonge chenyewe ni silosaibini iliyotengenezwa maabara, miligramu zake zinajulikana. Uyoga wa kuokota porini au wa kununua kwa mtu mtandaoni haumo kwenye jaribio hili, na kwetu silosaibini ni kemikali iliyopigwa marufuku kisheria.

Hatua ya 4: Nani alijua nini

Hapa ndipo nawaweka wanafunzi muda mrefu kuliko pengine popote, kwa sababu hapa ndipo utafiti wa dawa hizi unapoachana na utafiti wa dawa ya presha.

Jaribio zuri linagawa watu kwa bahati nasibu, na mgonjwa na mtafiti wote hawajui nani kapewa dawa na nani kapewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa. Sasa huwezi kumlisha mtu pilipili ukategemea adhani ni sukari. Aliyemeza miligramu 25 za silosaibini anajua ndani ya saa moja, kuta zinapumua. Aliyemeza plasebo naye anajua, na huyu mara nyingi tunamsahau. Alisubiri miezi, alisoma habari zote za matumaini, akafika, hakuna kilichotokea. Kukata tamaa kwake kunapunguza nafuu ya kundi lake, na pengo kati ya makundi mawili linaonekana kubwa kuliko nguvu halisi ya dawa.

Watafiti wamejaribu njia kadhaa za kuficha. Roland Griffiths wa Johns Hopkins, katika jaribio la 2006 lililofufua uwanja huu, alitumia methilfenidati, dawa ya kuchangamsha, kwa watu 36 wenye afya. Charles Raison na wenzake, 2023, walitumia niasini, ambayo humfanya mtu awake joto usoni. Goodwin alitumia dozi ndogo ya miligramu 1. Kwa maoni yangu dozi ndogo ndiyo yenye heshima zaidi, kwa kuwa mshiriki anaambiwa kwa ukweli kwamba atapewa silosaibini. Kuna pia majaribio ambayo kundi linganishi linasubiri tu zamu yake, kama lile la watu 24 wa Johns Hopkins lililotoka kwenye JAMA Psychiatry 2021. Ukikuta "waliosubiri", punguza imani yako nusu.

Je, matarajio peke yake yana nguvu kiasi hicho? Mwaka 2020 Jay Olson na wenzake wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, walichapisha jaribio la wanafunzi 33 waliopewa plasebo wakiambiwa ni dawa inayofanana na silosaibini. Chumba kilikuwa na muziki, michoro na taa za rangi, na ndani yake waliwekwa waigizaji wa kujifanya wamelewa. Asilimia 61 walisema wamehisi kitu, wengine hadi kuona michoro ikicheza. Mwaka uliofuata, Balázs Szigeti na wenzake walichapisha utafiti wa watu 191 waliokuwa wakimeza vidozi vidogo nyumbani, wakiwa wamechanganya wenyewe vidonge vya dawa na vitupu kwenye bahasha ili wasijue wanameza kipi. Waliomeza dawa walipata nafuu. Waliomeza vidonge vitupu nao walipata nafuu, kwa kiwango hichohicho.

Kwa hiyo katika kila makala andika majibu ya maswali mawili. Washiriki waliulizwa wakisie walichopewa? Na aliyewapima sonona alikuwa mtu wa nje, asiyewaona siku ya dozi? Usidhani ni maswali ya wasomi wabishi. Juni 2024 jopo la washauri wa FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, lilipiga kura 9 kwa 2 kwamba ufanisi wa tiba ya MDMA (dawa ijulikanayo mitaani kama ecstasy) kwa majeraha ya akili haujaonyeshwa, na washiriki kujua walichomeza kulikuwa miongoni mwa hoja kubwa. Agosti mwaka huo FDA ikakataa kuidhinisha.

Hatua ya 5: Soma namba, si grafu

Wiki ya 3, kundi la miligramu 25 lilishuka alama 12.0, la 10 alama 7.9, la 1 alama 5.4. Tofauti kati ya 25 na 1 ni alama 6.6, na kweli yake inaweza kuwa popote kati ya 2.9 na 10.2. Kundi la 10 halikuachana na la 1 kwa namna ya kutegemewa. Usishangae kwamba 12.0 kutoa 5.4 ni 6.6 barabara; katika makala nyingine haitakuwa hivyo, kwa sababu kompyuta hurekebisha tofauti za awali.

Sasa geuza asilimia ziwe watu. Waliopungukiwa na nusu ya dalili au zaidi walikuwa asilimia 37 kwenye dozi kubwa, yaani watu 29 kati ya 79. Kwenye dozi ya miligramu 1 ni asilimia 18, watu 14 kati ya 79. Gawa 100 kwa tofauti hiyo ya 19 na utapata 5 na ushee: unatibu takriban watu 5 ili mmoja zaidi apate nafuu. Si haba hata kidogo kwa sonona sugu. Lakini fuata safu hadi wiki ya 12: walioendelea na nafuu yao ni asilimia 20, dhidi ya 10. Ile "dozi moja imeponya" inaanza kulegea hapo.

Hatua ya 6: Madhara, na nyongeza

Asilimia 77 ya washiriki walipata dhara la aina fulani. Mengi ni kichwa kuuma, kichefuchefu na kizunguzungu. Mawazo ya kujiua au kujidhuru yalitokea katika makundi yote matatu. Jedwali la muhtasari halitoshi; pakua faili la nyongeza, maana huko ndiko orodha kamili ilipo.

Kwa dawa nyingine tafuta hatari inayojulikana. Ibogaini, inayotoka kwenye mzizi wa iboga ambao wafuasi wa Bwiti nchini Gabon huutumia katika ibada, hurefusha muda wa QT, kipimo cha umeme wa moyo, na imeshaua watu. Utafiti wa Stanford wa 2024 uliwafuatilia wanajeshi 30 wastaafu wa Marekani waliopewa ibogaini pamoja na magnesiamu ya kulinda moyo, na nafuu ilikuwa kubwa. Kundi linganishi halikuwepo. Rudi hatua ya 4.

Hatua ya 7: Nani kalipa

Dakika moja inatosha. Jaribio la Goodwin lililipiwa na COMPASS Pathways, kampuni inayotaka kuiuza dawa hiyo. Andika, endelea.

Hatua ya 8: Hakiki kama makala bado ipo hai

Kabla hujanukuu, rudi PubMed uangalie juu ya muhtasari kama kuna tangazo la masahihisho au la kuondolewa. Agosti 2024 jarida la Psychopharmacology liliondoa makala tatu za MDMA kwa sababu za kimaadili. Aliyekuwa amezipakua mapema bado anazo kwenye kompyuta yake, safi, bila alama yoyote. Mimi huangalia mara mbili: ninapoanza kuandika somo na asubuhi ya kulifundisha.