Namna ya kudai serikali isiyo na dini: mwongozo kwa raia wa Lubumbashi

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, inasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba nchi yetu ni dola la sheria, la kidemokrasia na lisilo na dini. Kwa hiyo raia asiye na dini, awe anaishi katika komini ya Katuba, ya Kenya au ya Kampemba hapa mjini, haombi fadhila anapodai kuhudumiwa katika ofisi ya umma bila kuulizwa anasali wapi. Anadai kile kilichokwisha kuandikwa. Madai yasimame hapo, kwenye uraia, wala yasigeuke kuwa mabishano kuhusu kuwepo kwa Mungu, maana mabishano hayo hayana ofisi inayoweza kuyaamua.

Ni vema ujue mapema kile utakachojibiwa. Mtu atakuambia kwamba kifungu cha 74 kinamtaka Rais aape mbele ya Mungu na taifa, na kwamba dibaji ya Katiba inamtaja Mungu pia. Ni kweli, na usikatae. Jibu ni kwamba kiapo hicho hakimpi padri, mchungaji wala imamu mamlaka yoyote juu ya ofisi ya serikali, wala hakiondoi kifungu cha 22, kinachompa kila mtu uhuru wa mawazo, wa dhamiri na wa dini. Uhuru huo una uzito mkubwa kiasi kwamba kifungu cha 61 kinakataza kuugusa hata wakati wa hali ya dharura. Wako watakaotamani kuanza kampeni kwa kutaka kiapo chenyewe kibadilishwe. Kifungu cha 218 kinawaruhusu raia 100,000 kupeleka ombi la kurekebisha Katiba katika Bunge la Taifa au Seneti, lakini kikundi kinachoanzia huko kitatumia nguvu zake zote bila kumsaidia hata mzazi mmoja.

Anzia kwenye jambo moja, lenye fedha au mamlaka ya umma ndani yake. Ofisi ya serikali inayowalazimisha wafanyakazi kusali kabla ya kazi ni jambo la namna hiyo. Shule ya umma inayodai cheti cha ubatizo ili kumwandikisha mtoto ni jambo zuri zaidi la kuanzia, kwa kuwa ushahidi wake huwa wa maandishi. Ama vipaza sauti vya kanisa la uamsho vinavyokesha mtaani, hilo ni suala la kelele na usingizi wa majirani. Lipelekeni komini kama suala la kelele, pamoja na majirani wanaosali, bila kutaja laiki, yaani dola lisilo na dini, hata mara moja.

Kwa upande wa shule, lazima historia ieleweke, la sivyo utajibiwa kwamba shule ni ya kanisa na mambo yameishia hapo. Mwaka 1906 Dola Huru la Kongo, lililokuwa la Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, lilifunga mkataba na Roma, makao ya Papa, na tangu hapo elimu ya Waafrika ilishikwa kwa sehemu kubwa na wamisionari. Mwaka 1954 Auguste Buisseret, waziri wa makoloni wa Ubelgiji, alifungua njia ya shule za serikali zisizo za kidini kwa watoto Waafrika, na mwaka 1956 mji wetu, wakati huo ukiitwa Élisabethville, ukapata chuo kikuu cha serikali kisicho cha kanisa, ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi cha leo. Rais Mobutu alizitwaa shule za makanisa mwaka 1974, kisha tarehe 26 Februari 1977 serikali ikatia sahihi mkataba wa kuyarudishia makanisa usimamizi wake. Hizo ndizo shule za mkataba tunazozijua: kanisa linazisimamia, lakini ni sehemu ya elimu ya umma, zinafuata programu ya taifa, na walimu walioingizwa katika orodha ya serikali wanalipwa na hazina ya taifa. Kwa sababu hiyo kifungu cha 45 kinazihusu moja kwa moja, nacho kinasema kwamba kila mtu anaingia katika shule za elimu ya taifa bila kubaguliwa kwa dini wala kwa mawazo ya kifalsafa.

Usidai kanisa liondoke shuleni. Wazazi wengi wa hapa wanaliamini kanisa kuliko wanavyoiamini serikali, na wana sababu zao, kwani katika miaka ya shida ni masista na mapadri waliohakikisha madarasa hayafungwi. Dai mambo yanayopimika: mtoto aandikishwe bila karatasi ya sakramenti, asiadhibiwe kwa kukosa misa, na alama zake za hesabu au Kifaransa zisipunguzwe kwa sababu ya dini ya nyumbani kwao.

Kusanya ushahidi kabla ya kuandika. Tunza karatasi ya masharti ya kujiandikisha, picha ya tangazo lililobandikwa ukutani, risiti, na tarehe ya kila mazungumzo pamoja na cheo cha aliyekujibu. Usiwarekodi watoto, wala usimtumie mwanao kama shahidi mbele ya mwalimu wake.

Chombo chako kikuu ni kifungu cha 27 cha Katiba, kinachompa kila Mkongo haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna anayeweza kushtakiwa kwa kufanya hivyo. Andika kwa Kifaransa, maana ndiyo lugha rasmi ya ofisi, lakini tayarisha pia maandishi ya Kiswahili na kuyasoma kwa sauti mbele ya kila anayetaka kutia sahihi. Ukurasa mmoja unatosha. Baada ya salamu, sema tukio na tarehe yake, taja vifungu vya 1, 27 na 45, kisha andika dai lenyewe waziwazi, kwa mfano: «Tunaomba ofisi yenu iukumbushe uongozi wa shule hii kwa maandishi kwamba cheti cha ubatizo si sharti la kumwandikisha mwanafunzi, na itupatie nakala ya barua hiyo.» Lugha iwe ya heshima kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Peleka nakala mbili. Karani wa sekretarieti akipokea ya kwanza, mwombe apige muhuri kwenye ya pili, aandike tarehe na namba ya kupokelewa, kisha atie sahihi yake. Akikuambia urudi kesho kwa sababu mwenye muhuri hayupo, usiiache barua, rudi nayo. Bila muhuri ule, miezi mitatu haina siku ya kuanza kuhesabiwa.

Sahihi zisiwe za wasio na dini peke yao. Hapa kwetu mtu akisema hasali anaweza kuitwa mchawi na ndugu zake mwenyewe, na mpangaji anaweza kufukuzwa nyumbani. Kwa hiyo karatasi ya sahihi isiwe na nafasi ya kuandika dini au kukosa dini, ihifadhiwe na mtu mmoja anayeaminika, na picha yake isizunguke katika simu. Yeyote asiyetaka kujulikana asishinikizwe. Anaweza kusaidia kwa kuandika au kutafsiri.

Tafuteni Waislamu, Wakimbanguisti na Waprotestanti wa makanisa madogo, kwa maana wanajua serikali yenye kanisa lake ilivyo. Simon Kimbangu, mhubiri ambaye Wakimbanguisti wanaitwa kwa jina lake, alihukumiwa kifo mwaka 1921 na utawala wa kikoloni, adhabu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akaletwa katika mji huu huu na kufungwa miaka 30, hadi alipofariki tarehe 12 Oktoba 1951. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hiyo mbele ya Mkristo wa Lubumbashi. Ukienda kwa mchungaji, mwambie: «Baba Mchungaji, hatuji kupinga ibada yenu, tunaomba serikali isimchagulie mtu yeyote ibada.» Wengine watatia sahihi.

Barua ikishapokelewa, mtafute mbunge wa jimbo. Kifungu cha 204 kinaiweka elimu ya msingi na ya sekondari katika madaraka ya jimbo, kwa kufuata kanuni za serikali kuu, kwa hiyo mbunge wa Haut-Katanga, jimbo letu, hawezi kusema kwamba jambo hili ni la Kinshasa. Mwombe amwandikie swali waziri wa jimbo anayehusika na elimu, na umpe maandishi ya swali hilo yakiwa tayari.

Kikundi chenye nguvu zaidi kinaweza kufikiria suala la CENI, tume ya taifa ya uchaguzi, ambako dhehebu nane za dini ndizo zinazompendekeza mwenyekiti, na raia asiye na dini hana mlango wa kuingilia. Mwaka 2021 dhehebu sita zilimuunga mkono Denis Kadima awe mwenyekiti, na Wakatoliki pamoja na Waprotestanti wakakataa. Ugomvi wa viongozi wa dini ukawa ugomvi wa taifa. Lizungumzeni kwa haki, mkikumbuka kwamba maaskofu Wakatoliki ndio waliosimamia makubaliano ya tarehe 31 Desemba 2016 kati ya serikali na upinzani, wakati nchi ilipokaribia kuvunjika. Shukrani hiyo haizuii kudai kwamba sheria ya uchaguzi iwaone raia wote.

Miezi mitatu ikipita bila jibu, andika barua ya pili yenye dai lilelile, ambatanisha nakala ya kwanza yenye muhuri, na utoe nakala kwa gavana, kwa ofisi ya elimu ya jimbo na kwa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013 na yenye kazi ya kupokea malalamiko ya raia. Usiongeze madai mapya katika barua hiyo, maana ofisi itajibu lile lililo jepesi na kuliacha lile mlilolitaka.