Kunoa wembe wa kukunja: usilikimbie jiwe la kwanza

Wembe wangu wa kwanza niliuharibia kwa pupa. Niliusugua kidogo kwenye jiwe namba 1000 (namba ikipanda, jiwe ni laini zaidi), nikarukia 8000, ukang'aa kama kioo. Shavuni uling'oa ndevu badala ya kuzikata. Kung'aa ni jambo moja, kukata ni jingine.

Hatua ya 1: Sawazisha mawe

Matatu yanatosha: namba 1000, 4000 au 5000, na 8000. La 12000 ni anasa. Jiwe la maji huliwa katikati likafanya bonde, na jiwe lenye bonde halinoi wembe sawasawa. Chora juu yake mistari ya penseli inayokatana, kisha lisugue kwenye msasa wa maji uliolazwa juu ya kioo kinene, mpaka mistari yote ifutike. Mistari ikibaki katikati, bonde bado lipo. Mawe mengine hulowekwa hadi mapovu yaishe, mengine hunyunyiziwa maji tu, na baadhi ya haya ya pili yakilowekwa hupasuka. Fuata maelekezo ya jiwe lako.

Hatua ya 2: Laza wembe

Kisu hukisiwa pembe. Wembe hauhitaji kukisiwa. Mgongo na makali vyote viguse jiwe muda wote, kwa sababu unene wa mgongo ndio unaoweka pembe. Kama hutaki mgongo ulike, ubandike utepe wa umeme, tabaka moja, na usiubandue katikati ya kazi, maana pembe itabadilika.

Sukuma makali yakitangulia. Ukifika mwisho wa jiwe, pindua wembe kwa kuuviringisha juu ya mgongo, makali yakipita hewani. Ukiuviringisha juu ya makali, kazi ya saa nzima imekwenda (nimefanya hivyo, zaidi ya mara moja). Jiwe likiwa jembamba kuliko urefu wa wembe, anzia kisiginoni (mwisho wa makali ulio karibu na mpini) na uende kwa mshazari hadi ncha.

Hatua ya 3: Jiwe namba 1000

Kaa hapa. Karibu kila wembe unaokataa kunyoa nilioletewa, tatizo lake lilikuwa hapa. Lengo ni pande mbili za makali zikutane, kisigino hadi ncha, bila pengo.

Paka wino wa kalamu nene kando ya makali pande zote mbili, sugua mara tano, kisha tazama. Palipobaki wino, jiwe halijafika. Mara nyingi ni nchani. Usikandamize sehemu hiyo. Ubapa utapinda na utajidanganya. Endelea tu. Wembe butu waweza kukuchukua saa nzima, wenye pengo zaidi ya hapo. Mwanzoni weka uzito wa kidole, mwishoni uzito wa wembe wenyewe.

Sasa simamisha wembe chini ya taa, makali yakikuelekea. Ukiona nukta inayomeremeta, hapo ni butu, maana makali kamili hayarudishi mwanga. Jaribu pia kwenye nywele za mkono, urefu wote wa wembe. Ukinyoa kisiginoni na kuteleza nchani, hujamaliza. Mikono ikichoka, weka wembe chini, uendelee kesho.

Hatua ya 4: Mawe laini

Hapa ni rahisi. Kwenye 4000 unafuta mikwaruzo ya 1000, kwenye 8000 unafuta ya 4000. Suuza wembe kila unapobadili jiwe; chembe moja kubwa ikihamia jiwe laini itakukwaruzia makali. Mkono uwe mwepesi kabisa.

Hatua ya 5: Ukanda wa ngozi

Mwelekeo unageuka: mgongo hutangulia, makali hufuata. Ukisahau utaukata ukanda, na ukanda wa ngozi haushoneki ukawa kama awali. Uvute ukaze usilegee, pitisha wembe kwenda na kurudi mara 50, polepole.

Nyoa shavu kwanza, kidevu baadaye. Wembe ukivuta ndevu, rudi 8000. Ukivuta tena, unajua ni jiwe gani linakusubiri.