Umeapa uraia Georgia? Soma hapa kabla hujatuma cheti chako popote: kujiandikisha na kumpigia kura gavana, kuanzia mchujo hadi marudio

Mke wangu aliapa kuwa raia wa Marekani Januari mwaka huu. Tulitoka ukumbini na kibendera cha mkononi, cheti kipya ndani ya bahasha, na mlangoni tukadakwa na mama mmoja wa kujitolea mwenye fomu za kujiandikisha kupiga kura. Mke wangu akaijaza pale pale amesimama, karatasi kaiegemeza mgongoni kwangu. Wiki hiyo hiyo tukatuma cheti kwenda kuombea pasipoti. Tulijiona watu wa mipango.

Wiki ya tatu ikaja barua kutoka ofisi ya wasajili wa kura ya kaunti yetu: maombi yako yamesimama, lete uthibitisho kwamba wewe ni raia. Na uthibitisho tulionao ulikuwa kwenye posta ya serikali, pamoja na fomu ya pasipoti. Kwa hiyo kwa muda ule alikuwa raia kamili, kala kiapo, kairudisha grini kadi yake kabla ya kiapo, na hana hata karatasi moja ya kuonyesha. Naandika haya ili wewe usilipe tulicholipa sisi.

Kwanza onyo, na hapa sitanii. Kama bado una grini kadi, hujaapa, usijaze fomu hii. Hapa Georgia ukienda kuchukua au kubadilisha leseni ya udereva unaandikishwa kupiga kura moja kwa moja usipokataa, na karani anauliza haraka haraka kama mtu anayeuliza unataka risiti. Sikiliza swali. Ukijibu kwamba wewe ni raia na si kweli, unaweza kunyimwa uraia na hata kurudishwa kwenu.

Sasa, kwa nini mke wangu alikwama? Fomu ya kupiga kura ina nafasi ya namba ya leseni, na mfumo wa jimbo unaichukua namba hiyo kwenda kulinganisha na kumbukumbu za leseni. Leseni yake aliichukua akiwa na grini kadi. Kompyuta ya leseni bado inamjua kama mgeni, maana waliomwapisha hawaiambii kompyuta ya leseni kitu. Hizo ni serikali mbili, ile ya Washington na hii ya jimbo, na mpeleka habari kati yao ni wewe, kwa miguu yako. Majina yakipishana kidogo, kistari kimoja au jina la kati, siku hizi unaingizwa kwenye daftari na unamaliza mambo kwa kuonyesha kitambulisho kituoni. Lakini kumbukumbu ikisema si raia, unasimamishwa hadi ulete ushahidi. Mwaka 2018, kabla sheria haijalegezwa upande wa majina, maombi kama 53,000 yalikuwa yamesimama hivyo wakati gavana anatafutwa, mengi ya watu weusi.

Basi mpangilio uwe huu, na usiuvuruge. Siku ya kuapa, rudi nyumbani na cheti. Kitoe nakala. Utaona chini kimeandikwa kwamba ni kosa kukinakili bila idhini ya kisheria, nawe utasita kama tulivyosita sisi mbele ya mashine ya nakala pale dukani, mke wangu akiangalia nyuma kana kwamba tunachapa noti bandia. Matumizi halali yanaruhusiwa. Ofisi zenyewe ndizo zinazodai nakala. Kesho yake peleka cheti halisi ofisi ya leseni, wabadilishe kumbukumbu zako. Tatu, jiandikishe kupiga kura, na kama unatumia fomu ya karatasi, bana nakala ya cheti nyuma yake hata kama hujaombwa. Ukishaona kwenye tovuti ya jimbo, ile ya My Voter Page, kwamba uko hai kwenye daftari, hapo ndipo utume cheti kwa ajili ya pasipoti.

Sisi tulianza na pasipoti. Ada ni dola 165 kwa mtu mzima anayeomba mara ya kwanza, tukaongeza dola 60 za kuharakisha baada ya ile barua kufika, na mimi nikapoteza siku mbili za kazi kwa safari tatu za ofisi ya wasajili. Safari ya kwanza nilikwenda na picha ya cheti kwenye simu. Dada wa dirishani akaitazama, akaikuza kwa vidole viwili, akaniambia picha haitoshi, tena mwenyewe aje. Safari ya pili tulikwenda wote wawili na risiti ya posta, tukajibiwa kwamba risiti si uraia. Kweli, si uraia. Safari ya tatu pasipoti ilikuwa imefika (cheti kinarudi baadaye, kwa bahasha yake peke yake, usipagawe ukifungua na kukosa), na jambo zima likachukua dakika nne. Dada yule yule. Akatabasamu hata.

Na cheti usikipoteze. Kuomba kingine ni zaidi ya dola 500.

Upande wa tarehe. Mwaka huu 2026 Georgia inachagua gavana mpya, kwa kuwa gavana Brian Kemp wa Republican anamaliza vipindi vyake viwili. Mchujo wa vyama ni Mei 19, marudio ya mchujo Juni 16, uchaguzi mkuu Novemba 3. Mwisho wa kujiandikisha ni Jumatatu ya tano kabla ya uchaguzi, yaani Aprili 20 kwa mchujo na Oktoba 5 kwa ule mkuu. Ukiwa na leseni ya Georgia unajiandikisha mtandaoni, dakika kumi.

Wengi wetu tunadhani mchujo ni shughuli ya wanachama. Tulikotoka, kura za maoni ni za mwenye kadi ya chama, na sisi wa Tanzania hata mkuu wa mkoa huwa tunamsikia kwenye taarifa ya habari ameshateuliwa. Hapa hakuna kadi. Georgia haiandikishi mtu kwa chama. Unafika kituoni Mei, karani anakuuliza unataka karatasi ya Democratic, ya Republican, au ile isiyo na chama, yenye majaji na wenzao. Unachagua moja. Ukichukua isiyo na chama umejitoa kwenye kumchuja gavana, na nimewaona watu kijiweni wakiichukua kwa heshima wakidhani ndiyo ya watu wasio na ugomvi.

Uliyempigia ni siri. Karatasi ya chama gani uliyochukua si siri, inaandikwa, na mtu yeyote anaweza kuiomba. Ukishangaa wagombea wamepataje namba yako ya simu mwezi wa kumi, ndiyo hapo walipoanzia.

Sasa marudio, ambayo mimi mwenyewe yaliniunguza mwaka 2022. Mgombea anahitaji zaidi ya nusu ya kura za mchujo wa chama chake. Asipozipata, wawili wa juu wanarudiana wiki nne baadaye. Zamani zilikuwa wiki tisa. Sheria ya 2021 ikazikata. Wasiojua huishia kwenye raundi ya kwanza. Mwaka 2018 Casey Cagle aliongoza mchujo wa Republican kwa karibu asilimia 39, na Kemp alikuwa na kama 26. Ungelala hapo ungeamka ukidhani Cagle ndiye. Julai Kemp akamzoa kwa karibu asilimia 69. Na nusu hiyo inadaiwa tena Novemba: Kemp alimshinda Stacey Abrams wa Democratic kwa asilimia 50.2, na angepungua kidogo tu wangerudishwa wote uwanjani.

Mimi ni dereva wa masafa, wiki yangu nzima iko barabarani, kwa hiyo Mei 2022 nilipiga kura kwa posta. Ilikwenda vizuri. Ugavana haukwenda marudio mwaka ule, Kemp alimgaragaza mpinzani wake wa Republican, David Perdue, kwa zaidi ya asilimia 70 na Abrams hakuwa na mpinzani, lakini nafasi nyingine zilikwenda. Nikakaa nikingoja karatasi ya Juni. Kila nikirudi nyumbani naenda moja kwa moja kwenye sanduku la barua: bili, vocha za piza, bili. Juni 21 ikapita nikiwa Tennessee. Kuja kuuliza, naambiwa ombi la kura ya posta ni la uchaguzi mmoja. Mchujo ni mmoja, marudio ni mwingine. Wanaoomba mara moja likawafaa msimu mzima ni wenye miaka 65 na kuendelea, wenye ulemavu, na wanajeshi na raia walioko ng'ambo. Kwa chama, hata hivyo, marudio si uchaguzi mwingine hata kidogo: ukichukua karatasi ya chama kimoja Mei, Juni huruhusiwi kuhamia cha pili. Ambaye hakupiga kabisa Mei, mradi yuko kwenye daftari, Juni anachagua chama anachotaka. Usiniulize hesabu hiyo nani aliipiga.

Ombi la posta linapokelewa kuanzia siku 78 kabla ya uchaguzi hadi siku 11 kabla. Siku 11 maana yake liwe limefika ofisini. Muhuri wa posta hauna msaada. Kwa mchujo wa mwaka huu ni Mei 8, kwa marudio Juni 5. Hesabu mwenyewe: kutoka Mei 19 hadi Juni 5 ni siku kumi na saba, na karatasi ikishatumwa inabidi ikufikie, uijaze, na irudi ofisini kabla ya saa moja jioni ya siku ya kura. Kwa marudio mimi sipigi tena kwa posta. Nakwenda kura ya mapema, ambayo kwa uchache ni Jumatatu hadi Ijumaa ya wiki iliyotangulia, Juni 8 hadi 12, na kaunti nyingine huanza mapema zaidi. Kwa mchujo wenyewe nafasi ni pana, Aprili 27 hadi Mei 15, na Jumamosi mbili ndani yake.

Ukilazimika kutumia posta, mambo mawili. Saini ya ombi iwe ya kalamu ya wino. Mimi nilisaini kwa kidole kwenye skrini ya simu, wakalirudisha. Chapisha, saini, piga picha, pakia. La pili ni bahasha ya kurudishia kura: inataka namba ya leseni, saini, na tarehe ya kuzaliwa, na hapa mwezi unatangulia siku. Mtu wa tarehe 3 Julai akiandika kama tulivyofundishwa shuleni, kajigeuza mtu wa Machi 7. Ndugu zetu wa kambi za wakimbizi waliopewa wote Januari mosi siku ya kuzaliwa, kwa mara ya kwanza imewafaa: hata ukiigeuza ni ile ile.

Kituoni hakuna jipya. Saa moja asubuhi hadi saa moja jioni. Ukiwa kwenye foleni saa moja jioni inapogonga, usitoke, watakuhudumia. Leseni ya Georgia inakubalika hata ikiwa imekwisha muda. Pasipoti ya Marekani pia inakubalika, ila iwe haijaisha muda. Beba maji yako, kwa sababu sheria inabana ugawaji wa maji na chakula karibu na kituo. Siku yenyewe ya kura kituo ni kile ulichopangiwa tu. Wakati wa kura ya mapema ni chochote kilicho wazi ndani ya kaunti yako, na hiyo peke yake inatosha kunifanya niende mapema.

Kwa wazee wetu wa Clarkston, mji wa wakimbizi wengi jirani na Atlanta, wale wa Kongo hasa, ambao Kiingereza bado kinawapiga chenga: karatasi ya Kiswahili hakuna, lakini sheria ya taifa inampa mtu asiyesoma Kiingereza haki ya kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mtoto, jirani, yeyote, isipokuwa mwajiri wake, wakala wa mwajiri huyo, au mtu wa chama chake cha wafanyakazi. Karani akikunja uso, mwambie hivyo hivyo, kwa upole, umesimama.

Na jina likikosekana kwenye daftari, usigeuze gari. Omba kura ya muda, kwa Kiingereza wanaiita provisional, wanayo kila kituo. Una siku tatu baada ya uchaguzi kupeleka kinachopungua. Hakikisha tu uko kituo chako, maana ukiipiga kituo kisicho chako kabla ya saa kumi na moja jioni haihesabiwi.

Kadi ya mke wangu, ile inayoonyesha kituo chake, imefika Alhamisi iliyopita. Jina la baba yake wamelikosea herufi moja. Amesema hatoki nyumbani kwa herufi moja.