Kuhamisha bakapu ya PostgreSQL kwenda seva nyingine

Seva yetu ya Malaba ilikaa miaka chini ya meza ya mhasibu, ikila vumbi la malori. Diski ilipoanza kugonga kama nyundo ya fundi viatu, Mzee mwenye ofisi akaniambia, "Kijana, kabla ya Ijumaa kila kitu kiwe Kampala." Sisi ni mawakala wa forodha. Databesi yetu, inayoendeshwa na programu ya PostgreSQL, ikilala, malori nayo yanalala.

Kwenye seva ya zamani nilitoa mafaili mawili:

pg_dump -Fc -f forodha.dump forodha
pg_dumpall --globals-only > watumiaji.sql

Wengi huishia amri ya kwanza. Lakini pg_dump hubeba databesi moja tu. Watumiaji na nywila zao ni mali ya seva nzima, ndiyo kazi ya amri ya pili. Faili hilo la pili usilirushe kwa WhatsApp. Piga sha256sum, amri inayotoa alama ya kipekee ya faili, pande zote mbili: alama zikilingana, faili limefika zima.

Toleo la seva mpya lisiwe chini ya lile la zamani. Sisi tulitoka 12 kwenda 16, hapo hakuna shida. Nyongeza kama PostGIS (ya data za ramani), kama unazitumia, zisakinishe kwanza. Kisha fungua tmux, inayoacha kazi iendelee hata ukikatika, maana intaneti ya mpakani haina adabu, ingia kama postgres, mtumiaji mkuu wa databesi, uandike:

psql -f watumiaji.sql postgres
createdb -T template0 -O karani forodha
pg_restore -j 4 -d forodha forodha.dump 2> makosa.log
vacuumdb --analyze-only forodha

Psql italalamika kwamba postgres yupo tayari. Mwache alalamike. Ila makosa.log isome mstari kwa mstari.

Mimi niliisoma, ikawa tupu, nikaagiza chai. Asubuhi makarani wote wakafungiwa nje: nywila si sahihi! Nilihangaika hadi saa tano. Kumbe nywila za seva ya 12 zilihifadhiwa kwa md5, mbinu ya zamani ya kuficha nywila, na pg_hba.conf ya seva mpya, faili la kanuni za nani aingie na vipi, inadai mbinu mpya, scram-sha-256. Nywila ni ileile, ila mlinzi wa mlangoni anataka kitambulisho cha aina nyingine. Unaweza kulegeza mstari huo wa pg_hba.conf uwe md5, kwani unapokea zote mbili. Mimi niliona bora kumwekea kila karani nywila mpya kwa \password ndani ya psql.

La pili lilijificha zaidi. Lori lililovuka saa nane usiku wa kuamkia Jumanne lilionekana limevuka Jumatatu, saa tano usiku. Seva mpya ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, saa tatu nyuma yetu, na mpangilio wa saa tuliouwekea databesi haukuja, kwa sababu sikurejesha kwa chaguo la --create la pg_restore. Dawa yake:

ALTER DATABASE forodha SET timezone TO 'Africa/Kampala';

Makarani watoke na kuingia tena ndipo itashika.

Ya zamani usiizime bado. Ifunge isiandikwe kwa default_transaction_read_only, halafu linganisha hesabu za majedwali makubwa kwa count(*). Zetu zilipolingana, nilimwomba karani mmoja atafute lori la jana yake. Alilipata, na saa yake ilikuwa sawa.