Kuanzisha masomo ya mtandaoni katika wilaya ya shule za umma Marekani: kipi kianze, kipi kisubiri

Wilaya nyingi za shule huanzia pasipofaa. Zinanunua mfumo wa kufundishia, zinawatangazia wazazi, kisha ndipo zinajiuliza nani atafundisha na mahudhurio yatahesabiwa vipi. Mfumo usiofaa unaweza kuachwa mwaka unaofuata, lakini mahudhurio yakikataliwa na wakaguzi wa jimbo yanazaa deni: fedha ambazo jimbo lililipa kwa mahudhurio hayo, zilizokwisha pokelewa na kutumika, zinadaiwa zirudi.

Tengeni miezi 12 hadi 18 kati ya uamuzi wa bodi ya shule na siku ya kwanza ya masomo. Muda ukipungua, kinachokatwa kwanza ni maandalizi ya walimu, na pengo hilo halizibiki baadaye.

Mwanafunzi gani?

Jina "masomo ya mtandaoni" linabeba mipango mitatu isiyofanana. Kuna shule kamili ya mtandaoni, ambayo mwanafunzi wake hakanyagi jengo isipokuwa siku za mitihani. Kuna somo mojamoja: mwanafunzi yuko shuleni kwake kama kawaida, ila anasoma fizikia au Kichina mtandaoni kwa sababu shule yake haina mwalimu wa somo hilo. Na kuna kurudia somo alilofeli ili apate krediti ya kuhitimu.

Anzeni na huo wa pili. Masomo 3 hadi 5 na wanafunzi 60 hadi 100 wanatosha kwa mwaka wa kwanza, wote wakiwa na chumba cha kukaa ndani ya jengo na mtu mzima anayewaona kila siku. Makosa yatakuwepo, lakini yatakuwa madogo na yataonekana mapema.

Huo wa tatu huwavutia wakuu wa shule kwa sababu hupandisha haraka idadi ya wanaohitimu, na ndio wenye mitego mingi. Somo la wiki 18 likimalizwa kwa siku 4 za kubofya, hakuna mwalimu anayeweza kusema mwanafunzi amejifunza nini. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, huyakagua masomo ya mtandaoni na kuyakataa yale yasiyo na mawasiliano ya kawaida kati ya mwalimu na mwanafunzi. Mwanariadha anaweza kuligundua hilo akiwa darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari, na hapo hakuna tena muda wa kurekebisha.

Jimbo linalipia nini?

Hakuna sheria moja ya nchi nzima. Kuna majimbo yanayolipa kwa kuhesabu wanafunzi siku maalumu, mengine kwa wastani wa mahudhurio ya kila siku, mengine kwa somo lililokamilishwa. Florida Virtual School, iliyoanza 1997, hulipwa kulingana na masomo ambayo wanafunzi wameyamaliza na kufaulu. Michigan imefanya uzoefu wa kujifunza mtandaoni kuwa sharti la kuhitimu kwa sheria ya 2006. Mpango ulionakiliwa kutoka jimbo jingine kama ulivyo utagonga ukuta.

Iandikieni idara ya elimu ya jimbo lenu na mpate majibu kwa maandishi: Je, mahudhurio ya mtandaoni yanathibitishwa kwa kumbukumbu gani, na zitunzwe miaka mingapi? Je, mpango unahitaji namba yake ya shule, au wanafunzi wabaki kwenye namba za shule zao? Mwanafunzi anayeishi nje ya wilaya anaweza kujiunga? Swali la namba ya shule linaonekana la kimakaratasi tu, lakini ndilo linaloamua matokeo ya mitihani ya wanafunzi hao yataandikwa kwa nani, na mkuu wa shule asiyelijua atakuja juu mwezi wa Juni.

Katika bajeti, tenganisheni fedha za mara moja na fedha za kila mwaka. Fedha za dharura za ESSER zilizotolewa wakati wa korona zilikuwa na ukomo. Fungu la mwisho lilitakiwa kuwa limeshapangiwa matumizi kufikia 30 Septemba 2024, na wilaya zilizowaajiri walimu wa kudumu kwa fedha hizo zilibaki na mishahara isiyo na chanzo. Kompyuta zinaweza kununuliwa kwa fedha za mara moja. Mishahara na leseni za programu, hapana.

Walimu na mkataba wao

Mwalimu awe na leseni ya jimbo lenu kwa somo analofundisha, hata kama ameletwa na kampuni. Mkiwa na chama cha walimu, kaeni nacho kabla ya kutangaza nafasi. Mambo ya kukubaliana ni idadi ya wanafunzi, saa za kujibu ujumbe, haki ya kurekodi vipindi, na nani anamiliki somo ambalo mwalimu amelitengeneza. Hilo la mwisho husahaulika mpaka mwalimu anapohama na kuondoka nalo.

Msidanganywe na dhana kwamba mtandaoni mwalimu mmoja anaweza kubeba wanafunzi 200. Kusahihisha hakupungui, na mazungumzo ya dakika mbili mlangoni mwa darasa hugeuka kuwa ujumbe wa aya tatu. Mwaka wa kwanza, mikondo isizidi wanafunzi 25 hadi 30, na anayefundisha mtandaoni kwa mara ya kwanza apunguziwe kipindi kimoja cha darasa la kawaida. Muhula mzima kabla ya kufungua, awe analiandaa somo, na apate malipo kwa kazi hiyo. Somo linaloandikwa wiki kwa wiki huku linafundishwa hukwama karibu na wiki ya sita.

Mkinunua maudhui badala ya kuyatengeneza, mkataba useme kwamba mnalipia wanafunzi waliobaki baada ya muda wa kujitoa kupita, na kwamba mkataba ukiisha mtapewa kumbukumbu zote za wanafunzi katika faili mnazoweza kuzifungua wenyewe.

Somo lenyewe

Kipimo cha zamani cha krediti Marekani, Carnegie Unit, ni saa 120 kwa somo la mwaka mzima, hivyo saa 60 kwa somo la muhula. Kwa wiki 18 hizo ni saa 3 na dakika 20 kwa wiki, nacho ndicho kiwango cha chini. Somo zuri huchukua saa 4 hadi 5. Mpeni mwanafunzi wa kawaida (si yule bora wa darasa) afanye wiki moja ya somo huku mkipima muda. Walimu sita, kila mmoja akiwa ameweka kazi za saa 8 bila kumwambia mwenzake, wamempa mtoto wiki ya saa 48.

Kila wiki iwe na sura ileile katika masomo yote: maelezo mafupi ya juu, usomaji au video, zoezi, mjadala, kazi ya kukabidhi, kila kimoja mahali pake. Mwanafunzi wa masomo sita akikuta mipangilio sita tofauti, nguvu zake zinaishia katika kutafuta kitufe. Video ziwe za dakika 6 hadi 10. Tarehe ya kukabidhi isiwe Jumapili usiku wa manane, ingawa wengi hupenda kuiweka hapo. Iwe Alhamisi jioni, ili aliyekwama Jumatano apate mtu wa kumuuliza na mwalimu awe na Ijumaa ya kuwapigia simu ambao hawajakabidhi.

Watoto wa chekechea hadi darasa la pili ni habari nyingine kabisa. Kwao mzazi ndiye anayeendesha kazi mezani, na vifaa vya kushika, kukata na kuandikia lazima vifike nyumbani kabla ya siku ya kwanza. Kama hakuna mtu mzima nyumbani mchana, mtoto huyo asisajiliwe.

Mifumo na vifaa

Majina ya wanafunzi yatoke kwenye mfumo wa taarifa za wanafunzi na kuingia yenyewe kila usiku kwenye mfumo wa kufundishia. OneRoster, muundo wa pamoja wa kupitisha orodha za wanafunzi kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, upo kwa kazi hiyo hiyo. Pale ambapo karani anaingiza majina kwa mkono, mwanafunzi aliyehamishwa mkondo Jumatatu huonekana Ijumaa, na mara nyingine huwa na akaunti mbili zenye alama nusu nusu. Jaribuni kumhamisha mwanafunzi wa majaribio kabla ya kufungua, mwone alama zake zinaenda wapi. Na nywila iwe moja kwa mifumo yote.

Agizeni kompyuta za ziada, kati ya 5 na 10 kwa kila 100, maana skrini zitavunjika tu. Kwa Chromebook, yaani kompyuta zinazotumia mfumo wa Google, angalieni tarehe ambayo masasisho yataisha: Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba yatadumu miaka 10, lakini hesabu huanza toleo la mashine lilipotoka, si siku mliponunua. Bei ya chini sana mara nyingi maana yake ni mashine ambayo nusu ya maisha yake imeshapita.

Punguzo la E-Rate, la asilimia 20 hadi 90 kwa huduma ya intaneti, limejengwa kwa ajili ya majengo ya shule na maktaba. Msilitegemee kwa intaneti ya nyumbani. Tengeni fedha zenu. Pia wapeni wanafunzi njia ya kupakua kazi wakiwa shuleni na kuzifanya bila mtandao, kwa sababu vifaa vya intaneti ya simu huwa na kikomo cha data, na kikomo hicho huisha katikati ya mwezi.

Faragha na wenye mahitaji maalumu

Sheria tatu za shirikisho zinagusa kila programu mnayoiwasha: FERPA ya 1974 kuhusu kumbukumbu za wanafunzi, COPPA ya 1998 kuhusu taarifa za watoto walio chini ya miaka 13, na CIPA ya 2000 inayodai vichujio vya maudhui yasiyofaa kwa shule zinazopokea punguzo la intaneti. Shule inaweza kukubali kwa niaba ya mzazi chini ya COPPA, lakini kwa matumizi ya kielimu tu. Kampuni inayotumia data hizo kwa matangazo imetoka nje ya ruhusa hiyo. Mwalimu mmoja akijisajilia programu ya bure kwa barua pepe za darasa zima, wilaya ndiyo itakayojibu. Wekeni orodha ya programu zilizoidhinishwa, na jibu la ombi jipya litoke ndani ya siku 10, la sivyo walimu watapita mlango wa nyuma.

Mwanafunzi mwenye IEP, yaani mpango wa elimu binafsi kwa mwenye mahitaji maalumu, anabaki na haki zake zote mtandaoni. Timu ya IEP ikutane kabla hajahamia, si wiki ya tatu, na iandike kila huduma itatolewa vipi: tiba ya usemi kwa video, au siku mbili kwa wiki jengoni? Video zote ziwe na manukuu yaliyosahihishwa na mtu, na kurasa zisomeke kwa programu za wasioona. Kanuni ya mwaka 2024 ya Wizara ya Sheria ya Marekani imeweka WCAG 2.1, ngazi ya AA, yaani mwongozo wa kurasa zinazotumika na watu wenye ulemavu, kuwa kipimo kwa taasisi za umma, wilaya za shule zikiwemo. Faili za PDF zilizopigwa picha kutoka vitabuni ndizo zinazoangusha wengi. Programu ya kusoma huziona kama ukurasa mtupu.

Barua kwa wazazi ziende kwa lugha wanazosoma. Shuleni Marekani zipo familia nyingi zinazosoma Kiswahili, na tafsiri ya mashine isiyopitiwa na mtu inaweza kugeuza "kukabidhi kazi" kuwa kuacha kazi.

Wiki tatu za kwanza

Fanyeni utangulizi wa ana kwa ana wiki moja kabla. Kila mwanafunzi aondoke akiwa ameingia mwenyewe kwenye mfumo, amekabidhi faili moja na amemtumia mwalimu ujumbe, mzazi akiwa pembeni anaona. Aliyeshindwa apangiwe siku nyingine.

Kisha hesabuni kazi, si kuingia. Mtoto anaweza kufungua ukurasa kila asubuhi na kulala. Andikeni kanuni inayosema mahudhurio ya wiki ni kazi iliyokabidhiwa pamoja na mawasiliano ya pande mbili na mwalimu, mkihakikisha inalingana na jibu la jimbo. Siku 3 bila kazi, mwalimu anapiga simu. Siku 5, mshauri wa wanafunzi anazungumza na mzazi. Siku 10, kikao, na uamuzi wa kubaki au kurudi darasani unafanywa hapo. Kila hatua iwe na jina la mtu anayehusika, kwa sababu "tutafuatilia" hakuna anayeifanya. Kwa wanafunzi walio jengoni, msimamizi wa chumba apate kila Jumatatu orodha ya walio nyuma na wako nyuma kwa kazi ngapi.

Mitihani na hesabu ya mwisho

Mitihani ya jimbo kwa kawaida hufanyika mbele ya msimamizi. Pangeni vituo na usafiri mwezi Januari, kwa maana ESSA, sheria ya shirikisho ya elimu ya 2015, inadai asilimia 95 ya wanafunzi washiriki, na wanafunzi waliotawanyika ndio wanaokosekana. Kwa mitihani ya somo, kamera za kumsimamia mwanafunzi anayefanya mtihani nyumbani huleta ugomvi mwingi kuliko faida. Maongezi ya dakika 5 na mwalimu, mwanafunzi akieleza alivyolifikia jibu lake, huonyesha haraka kazi iliyoandikwa na mtu mwingine au na mashine. Kwa mkondo wa wanafunzi 28 hiyo ni chini ya saa tatu kwa kila awamu. Iwekeni kwenye ratiba ya mwalimu.

Mkiripoti kwa bodi, hesabuni kuanzia wanafunzi waliokuwepo siku ya 10, wakiwemo waliojitoa baadaye. Ukiwaondoa waliojitoa, karibu kila mpango unaonekana umefaulu. Wekeni namba tatu kando kwa kando kwa kila somo: walioanza, waliofaulu, na waliorudi darasani kabla ya muhula kuisha. Somo ambalo theluthi ya wanafunzi wake wamerudi darasani lisifunguliwe tena mpaka mwalimu wake na mshauri wajue kila mmoja aliondoka wiki ya ngapi na kwa nini.