Kabla ya kujaza fomu ya chuo: namna ya kupima kama saikolojia ni kazi yako

Wengi wanaotaka kusomea saikolojia hutoa sababu moja, kwamba watu huwaletea shida zao nao huwasikiliza. Sababu hiyo si mbaya, lakini ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa rafiki anaweza kuegemea upande, kuchoka, au kubadili mazungumzo, ilhali mshauri nasaha hana nafasi hiyo. Jiulize badala yake kama unaweza kumsikiliza kwa saa nzima mtu usiyempenda, ukauzuia ushauri ulio tayari ulimini, kisha ukarudi nyumbani usimsimulie yeyote.

Ukishajipima hivyo, tenganisha kazi ambazo huchanganywa kila siku. Daktari wa magonjwa ya akili ni tabibu kwanza: nchini Tanzania husomea udaktari kwa miaka 5, hufanya mafunzo ya vitendo hospitalini kwa mwaka 1, ndipo huongeza uzamili wa miaka 3, naye ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia tiba haandiki dawa. Hutumia vipimo vya kisaikolojia na tiba ya mazungumzo. Mshauri nasaha, ambaye wengi wetu tulilijua jina lake kupitia vituo vya kupima VVU, hufanya kazi pia shuleni, katika nyumba za ibada na kwenye mashirika. Ikiwa moyo wako uko kwenye dawa na ubongo, saikolojia itakuchelewesha tu.

Jambo linaloumiza wengi ni hesabu ya miaka. Shahada ya kwanza peke yake haimfanyi mtu kuwa mwanasaikolojia tiba; anahitaji uzamili, kama ule unaotolewa na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Kwa hiyo piga hesabu ya karo na ya maisha ukijumlisha ngazi zote mbili, maana aliyepanga fedha za miaka 3 pekee hubaki na cheti kisichomfikisha alikokusudia. Soma pia jina kamili la shahada: shahada ya elimu katika saikolojia imejengwa juu ya ualimu, na si kosa kuichagua, ila uichague ukijua. Kwa walio Kenya, sheria ya mwaka 2014 iliunda bodi inayosajili washauri na wanasaikolojia, na bila usajili huo mtu haruhusiwi kuhudumu. Basi iulize bodi yenyewe kuhusu kozi unayoitaka kabla ya kulipa chochote.

Omba kuona muhtasari wa masomo hadi mwaka wa mwisho. Utakutana na takwimu na mbinu za utafiti, tena si kidogo, na hapo ndipo waliokimbia hesabu baada ya kidato cha nne hushikwa na mshangao.

Hatimaye watafute watu wawili walio kazini, mmoja wa hospitali na mmoja wa kituo binafsi. Usiwaulize kama wanaipenda kazi yao. Waulize walikaa muda gani bila ajira, huona wateja wangapi kwa wiki, nani huwasimamia, na wateja wangapi hukatisha vikao kwa kukosa nauli au ada. Usitarajie kuruhusiwa kuketi ndani ya kikao ili ujionee. Aliye makini atakukatalia ili kulinda siri za wateja, na huyo ndiye wa kumrudia na maswali zaidi.